Unaanza kutafakari? Anza kwa kuhesabu pumzi

Ukitaka kuanza kutafakari, yaani kukaa kimya ukituliza akili, usihangaike kukunja miguu. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyayo ziguse sakafu, mgongo wima bila kukakamaa, na utege alamu ya dakika 5. Kwa kuanzia zinatosha kabisa.

Kisha hesabu pumzi, njia ambayo wafuasi wa Zen, tawi la dini ya Ubuddha, kule Japani huwafundisha wanaoanza: ukishusha pumzi, moja, ukishusha tena, mbili, mpaka 10, halafu rudi moja. Usizivute kwa nguvu, ziache zijiendee. Sikilizia hewa inavyoingia puani ikiwa baridi na kutoka ikiwa na uvuguvugu.

Utafika tatu tu, mawazo yashakimbilia kodi ya nyumba au ujumbe ambao hujaujibu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa, na inaniuma, kwa sababu kule kugundua kwamba umepotea ndilo zoezi lenyewe. Usijigombeze. Rudi moja. Ukijikuta umefika 17, vilevile, rudi moja.

Asubuhi kabla ya pilikapilika ni wakati mzuri; usiku ukishashiba utasinzia. Na kama kufumba macho kunakutia hofu, yaache wazi, utazame sakafu hatua moja mbele yako.