Namna ya kusoma komentari za zamani za nyaraka za Paulo (tunatumia Galatia 2:11-14)

Wengi tunaofundisha Biblia, iwe kwenye jumuiya iwe kwenye kikundi cha chuo, komentari za zamani (vitabu vinavyofafanua Biblia mstari kwa mstari) tunakutana nazo kwa njia moja tu. Unagugo mstari, inatokea paragrafu ya Calvin au ya Luther, unaikopi kwenye noti, Jumapili unasimama unasema "wataalamu wanasema". Sasa hapo ndo unapopoteza utamu wote, kwa sababu hawa wazee walikuwa wanajibizana, huyu anamjibu yule aliyemtangulia miaka mia kadhaa, na ukichukua kipande kimoja peke yake ni kama umeingia kwenye kikao cha ukoo katikati, unamkuta babu kafura kwa hasira na hujui nani kaanza.

Mi nafundisha nyaraka kwenye kikundi cha kanisani na hii ndo njia ninayoitumia. Ntakupeleka nayo kwenye mistari minne tu ya Galatia, ile Paulo anayosema Kefa (yani Petro) alipofika Antiokia "nalishindana naye uso kwa uso". Nimeichagua makusudi, sidhani kama kuna sehemu nyingine kwenye waraka huu wazee waliyogombana hivi.

Hatua ya 1: Soma waraka wenyewe kwanza, wote

Galatia ina sura 6, mistari 149, unaumaliza kwa kikao kimoja hata chai haijapoa. Soma kwenye Union Version halafu rudia kwenye Habari Njema. Usifungue komentari yoyote bado. Ukimaliza andika swali lako mwenyewe kwenye daftari, swali la kweli, lile linalokusumbua. Kwa mistari yetu swali liko wazi tu: Petro alikuwa anakula na watu wa Mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga, Paulo akamkemea mbele ya watu wote. Je, mtume mkubwa vile alikosea kweli? Na Paulo alikuwa na haki gani kumwaibisha hadharani?

Bila swali komentari itakuburuza, utajikuta unasoma kurasa 20 za mambo ambayo hukuyauliza.

Hatua ya 2: Chagua wachache, wapange kwa miaka

Usikusanye 15. Kwa Galatia mi nachukua hawa: Yohane Krisostomo (mwisho wa karne ya 4, mzaliwa wa Antiokia hiyohiyo), Yeronimo (aliandika Bethlehemu, kama 386 hivi au 387), Augustino wa Hipo, mji ambao leo ni Annaba kule Algeria, halafu Luther wa 1535, Calvin wa 1548, na J. B. Lightfoot wa 1865. Thomas wa Akwino, wa karne ya 13, naye ana komentari ya Galatia na kwenye mistari hii anakusaidia sana, maana anapanga hoja za Yeronimo na Augustino pembeni kwa pembeni halafu anasema anaegemea wapi. Kwa Augustino.

Angalia mpangilio wa miaka vizuri, usiupuuze. Ukimsoma Luther kabla ya Yeronimo hutaelewa kwa nini Luther kawaka.

Na tafadhali usichague wa dhehebu lako tu. We Mlutheri msome Krisostomo, we Mkatoliki msome Lightfoot ambaye alikuwa Mwanglikana na baadaye askofu wa Durham. Ukisoma wa kwenu peke yao kila kitu kitaonekana kimeshakubaliwa zamani.

Hatua ya 3: Pakua, ila kuwa makini na vitu viwili vitatu

Vingi vya hivi havina hakimiliki tena kwa hiyo ni bure. Krisostomo yuko kwenye ile seti kubwa ya Kiingereza ya Mababa wa Kanisa, Nicene and Post-Nicene Fathers, mfululizo wa kwanza, juzuu ya 13, unaipata kwenye saiti ya CCEL, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya Kikristo. Calvin yuko hapohapo. Lightfoot mtafute archive.org kama PDF ya kurasa zilizoskaniwa, faili ni zito, tumia waifai.

Luther ndo wa kuangalia. Ile Galatia yake inayosambaa sana mtandaoni ni ya Theodore Graebner, ambayo ni toleo lililofupishwa sana na kurahisishwa Kiingereza. Inasomeka vizuri, siikatai, lakini usije ukasema "Luther hakugusia hili" kwa sababu hukuliona humo. Chanzo chake ni mihadhara aliyotoa 1531, wanafunzi na wenzake wakaandika, ikachapwa 1535, na ni ndefu kweli. Waraka huu aliupenda mpaka akauita Katharina von Bora wake, yani jina la mkewe.

Jambo lingine linalochanganya watu ni namba za barua. Ugomvi wa Augustino na Yeronimo uko kwenye barua, haumo kwenye komentari zao tu, na barua moja inaweza kuwa na namba mbili. Jibu kubwa la Yeronimo ni barua ya 112 ukihesabu kwenye barua zake, lakini kwenye mkusanyo wa Augustino ni ya 75. Ni barua ileile. Za Augustino mwenyewe zinazohusika ni 28, 40 na 82, ziko juzuu ya 1 ya mfululizo uleule.

Hatua ya 4: Soma mstari mmoja kwa wote, na kila mara uliza "anamjibu nani?"

Hapa ndo penyewe, usikimbie.

Anza na Krisostomo. Yeye anasema haiwezekani Petro aliogopa, mtu aliyekuwa wa kwanza kumkiri Kristo na kusimama mbele ya Wayahudi kule Yerusalemu aje aogope wageni wa Antiokia? Kwa hiyo anaona mitume wawili walikuwa na mpango: Paulo akemee, Petro akae kimya, ili wale Wayahudi waliomwamini Petro wakimwona mwalimu wao kanyamaza nao wakubali kirahisi. Yani mkwaruzano ulikuwa danganya toto yenye nia njema.

Yeronimo anasema karibu hivyohivyo na anakiri kwamba wazo hilo kalitoa kwa Origeni, mwalimu wa karne ya 3. Uliza sasa: kwa nini watu wenye akili hivi wanahangaika kumtetea Petro? Yeronimo anakwambia mwenyewe. Kulikuwa na mwanafalsafa Porfiri, mpinzani wa Wakristo, aliyechukua kisa hiki akawacheka, kwamba viongozi wenu wawili mmoja kakosea na mwingine hana adabu, na nyinyi mnawafuata. Kumbe wanamjibu mpinzani wa nje! Ukishajua hilo huwezi tena kuwaona wajinga. Kuna waliokwenda mbali zaidi, Klementi wa Aleksandria anatajwa na Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, kwamba alisema Kefa huyu siye Petro kabisa, ni mmoja wa wale wanafunzi 70 waliotumwa na Yesu.

Augustino akasoma komentari ya Yeronimo akashtuka. Hoja yake ni fupi na nzito: tukikubali kwamba ndani ya Maandiko kuna uongo hata mmoja wa kusaidia watu, basi kila mtu akikuta mstari usiomfurahisha atasema na huo ni wa namna hiyohiyo, na hakuna kitakachosimama. Tena anakumbusha kwamba Paulo kwenye waraka huuhuu, 1:20, kaapa mbele za Mungu kuwa hasemi uongo. Ukikaa na mistari utaona ana pointi, kiapo kiko hatua chache tu kabla ya kisa chenyewe.

Barua zenyewe zina visa vyake. Ya 28 iliandikwa kama 394 au 395, aliyetumwa nayo akachaguliwa uaskofu kabla hajasafiri, akafa, barua haikufika. Ya 40 ikazunguka huko Italia watu wakaisoma kabla Yeronimo hajaipata, na mzee akaja juu, kijana gani huyu ananisema mgongoni kwa watu. Jibu lake likatoka karibu 404, orodha ndefu ya walio upande wake akiwemo Krisostomo, na Augustino akamjibu 405 kwamba naye anao, maaskofu Ambrosi na Sipriani, lakini juu ya wote anaye Paulo mwenyewe. Miaka karibu 10 kwa mistari minne, jamani.

Ukitoka hapo nenda kwa Luther. Anasema Yeronimo hakuelewa mahali hapa wala waraka mzima. Kwake swali la heshima ya Petro halipo kabisa, kilichokuwa mezani ni kama mtu anahesabiwa haki kwa imani au kwa kushika sheria, na kwenye hilo hata mtume akiteleza lazima akemewe. Sasa we jiulize kama kweli kamtendea haki Yeronimo. Mi naona hapana, maana Yeronimo alikuwa anamjibu Porfiri. Calvin naye haikubali ile habari ya kuigiza, ila anaongea kwa upole zaidi na anabaki karibu na mstari, ndo maana nikiwa na haraka namfungua yeye kabla ya Luther.

Malizia na Lightfoot. Mwisho wa sura ya 2 ana noti nzima inayosimulia jinsi Mababa walivyoeleza mgogoro wa Antiokia. Utakuta umeshasoma nusu ya anaowataja, na hapo utasikia raha ambayo mtu wa kukopi paragrafu haijui. Kigiriki na Kilatini anaviacha bila kutafsiri, viruke tu, utaelewa.

Hatua ya 5: Jua mipaka yao

Hawa ni wazee na kuna vitu hawakuwa navyo. Lightfoot aliandika 1865, na papiri (maandishi kwenye karatasi ya mafunjo) tunayoiita P46, nakala ya nyaraka za Paulo ya kama mwaka 200, ilijulikana miaka ya 1930. Pia aliamini Wagalatia walikuwa wa kaskazini mwa Galatia (Uturuki ya leo), mtafiti William Ramsay akaja kubisha kwamba ni makanisa ya kusini, yale ya Matendo 13 na 14, na wengi leo wanakwenda na Ramsay. Kwa historia na nakala za maandishi ya kale tafuta kitabu kipya.

Halafu kuna lugha yao juu ya Wayahudi. Krisostomo alihubiri mahubiri makali sana dhidi yao Antiokia 386 na 387, na Luther uzeeni ndo aliharibu zaidi. Usiyasome mambo hayo darasani kwa sauti ya kukubali, na usiyafiche pia mtu akiuliza.

Hatua ya 6: Peleka darasani kidogo

Usitaje majina saba, watu watalala. Mi nagawa kikundi mara mbili, nusu wanamtetea Petro kwa hoja za Krisostomo, nusu wanamtetea Paulo kwa hoja za Augustino, nawapa dakika 15 na Biblia tu mkononi. Mara nyingi kuna mama mmoja anauliza kwani Barnaba naye alikuwa kwenye mpango? Mstari wa 13 unasema hata yeye kachukuliwa na unafiki wao. Nadharia ya maigizo inapata shida kubwa hapo.

Ukitaka kuendelea mwenyewe jaribu 4:21-31, Hajiri na Sara. Ila 3:20 iache kwanza. Lightfoot anasema inasimuliwa kwamba maelezo yaliyotolewa juu ya mstari huo mmoja yanafika 250 au 300.