Kabla ya kupanda ndege kwenda kazi ya nje: mambo ya kuzingatia ukiwa bado Nairobi

Ukiahidiwa kazi Riyadh, Doha au Bangkok, anza na mkataba. Sanduku na sindano vitakuja baadaye. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uwekwe saini na pande zote kisha uthibitishwe na afisa wa leba. Kazi ya afisa huyo si kugonga muhuri tu. Anatakiwa aridhike kwamba umekubali kwa hiari, hukudanganywa wala kutishwa, afya yako inaiweza kazi hiyo, na hujafungwa na mkataba mwingine. Wizara ya Leba iko Social Security House, Bishops Road, na matatu za kupitia Upper Hill zinakushusha karibu. Ajenti akikwambia muhuri "utashughulikiwa ukishafika", ujue kwamba kumshawishi mtu aondoke nchini bila mkataba wa namna hiyo ni kosa kwa sheria hiyohiyo.

Usiweke saini ukiwa umesimama kaunta. Kaa chini uusome. Tafuta mshahara umeandikwa kwa fedha gani, siku ya mapumziko ni ipi, na nauli ya kurudi ni juu ya nani. Kuna kamstari ambako mimi hukaangalia kabla ya vyote: "na kazi nyingine yoyote atakayopewa". Mtu aliyeajiriwa kulea mtoto mmoja hujikuta akifagia nyumba tatu za ukoo mzima kwa sababu ya kamstari hako. Omba kafutwe, au kazi zenyewe zitajwe moja moja.

Ajenti naye achunguzwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa. Linganisha jina lililo kwenye orodha na lililo kwenye risiti, herufi kwa herufi, na uangalie leseni inaisha lini. Ofisi kubwa yenye bendera na picha za ndege haithibitishi kitu. Na ukiambiwa utume pesa kwa M-Pesa ya mtu binafsi, uliza kwa nini kampuni haina akaunti yake.

Viza ndiyo inayowaangusha wengi. Ukipewa viza ya kitalii na huku unaambiwa unaenda kazini, simama hapo hapo. Wakenya waliotolewa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni kule Myanmar mwaka 2025 ni sehemu ya watu wengi walioahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa mpaka.

Piga picha pasipoti, viza na kila ukurasa wa mkataba, umtumie mtu wa nyumbani anayeshika simu, pamoja na nambari ya ubalozi wa Kenya katika nchi unayokwenda. Mwachie pia jina la mwajiri na mtaa anaoishi, maana "yuko Saudi" hakumsaidii afisa yeyote kukutafuta.

Kuhusu sheria yenyewe, Ibara ya 30 ya Katiba inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na Ibara ya 25 inasema uhuru dhidi ya utumwa hauwezi kuwekewa mipaka kwa sababu yoyote. Sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. La muhimu kwako ni kwamba mlanguzi hawezi kujitetea kwa kusema ulikubali mwenyewe ikiwa ulidanganywa. Kwa hiyo saini yako isikuzibe mdomo. Tena aliyesafirishwa hatiwi hatiani kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake.

Sheria hiyo haingoji uwanja wa ndege. Msichana aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akafungiwa mtaa wa Kileleshwa hapa Nairobi afanye kazi za nyumbani bila mshahara, naye inamhusu, hata kama aliyemleta ni shangazi. Akiwa mtoto, piga 116, nambari ya msaada kwa watoto, ni bure. Kwa mtu mzima, ripoti kituo cha polisi kilicho karibu au makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai (DCI), Kiambu Road, ukiwa na risiti, jumbe za WhatsApp na nambari ya ajenti. Usifute hata moja, hata zile ulizomtukana.