Bomba refu la siti kwa baiskeli ya kukunja

Wenye miguu mirefu, msikubali fundi aunge kipande juu ya bomba la zamani kwa kulichomelea. Weldi ikikaa karibu na klempu (kibanio kinacholishika bomba kwenye fremu), hapo ndipo bomba hukatika, na utakuwa umelikalia. Tafuta bomba zima la ukuta mnene, kipenyo kilekile. Kwa baiskeli za kukunja za Dahon, nyingi ni milimita 33.9, za Brompton 31.8, hata hivyo pima lako kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo). Likizidi kidogo, likerezwe. Kwenye bomba la zamani kuna alama ya kina cha chini kabisa, yaani kiasi ambacho bomba lazima lizame ndani ya fremu: hamishia kipimo hicho kwenye bomba jipya, kisha ongeza sentimita kadhaa, maana bomba refu hukandamiza fremu zaidi. Kabla ya kukata, kunja baiskeli uone kama litagonga ardhi likishushwa.