Namna ya Kuipitia Foleni Yenye Mandhari Katika Bustani ya Burudani

Wageni wengi wa bustani za burudani huiona foleni kuwa adhabu inayotangulia mchezo, ilhali mahali ilipojengwa kwa uangalifu foleni ndiyo sura ya kwanza ya hadithi, na anayeipita akiwa ameinamia simu hupanda chombo bila kujua anakwenda wapi wala kwa nini aogope.

Kwanza, chagua njia. Katika Expedition Everest, mchezo wa garimoshi la kasi linalopita mlimani, uliofunguliwa mwaka 2006 huko Disney's Animal Kingdom, Florida, foleni ya kawaida hupita kwenye ofisi ya safari, hekalu na makumbusho madogo yenye ushahidi kuhusu yeti, kiumbe anayesemekana kuulinda mlima, hivi kwamba mgeni hulifikia garimoshi akiwa amekwisha kuonywa. Njia ya wanaopanda peke yao ni ya haraka, lakini huruka sehemu kubwa ya maonyo hayo. Kwa maoni yangu, njia za mkato zafaa kusubiri hadi mara ya pili.

Ukishaingia, tumia macho na mikono. Mwaka 1985 David Maister, mtaalamu wa biashara, katika maandishi yake kuhusu saikolojia ya kusubiri, alieleza kwamba muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko wenye shughuli, na wabunifu wa foleni huifanyia kazi kanuni hiyo. Katika Indiana Jones Adventure, mchezo uliofunguliwa Disneyland, California, mwaka 1995, ambao foleni yake hupita ndani ya hekalu la kale, kuna kisima chenye kamba na kibao kinachokataza kuivuta. Ivute, kwa maana imewekwa ili ivutwe, nawe utasikia sauti ya mtu akilalamika kutoka chini. Maandishi ya kuta za hekalu hilo nayo ni fumbo linaloweza kusomwa herufi kwa herufi, kazi nzuri kwa watoto waliochoka kusimama. Foleni ikiwa fupi, usikimbie. Simama kando, waache wenye haraka wapite.

Zingatia pia mwanga, ambao mara nyingi hupunguzwa hatua kwa hatua ili macho yaliyotoka juani yazoee giza la ndani.

Mwishoni huja chumba cha utangulizi, na hapo nafasi unayosimama ina maana kubwa. Katika Haunted Mansion ya Disneyland, mchezo wa jumba lenye mizuka uliofunguliwa mwaka 1969, simama katikati utazame juu: kuta hurefuka, na kila picha hufunua sehemu yake ya chini, ambako hatari iliyomkabili aliyechorwa ilikuwa imefichwa. Kwa kweli chumba hicho ni lifti inayowashusha wageni ili wapite chini ya reli inayoizunguka bustani, kwa kuwa jengo lenye mchezo wenyewe liko upande wa pili. Katika Haunted Mansion ya Florida, ambako haja hiyo haikuwapo, sakafu haisogei, bali dari ndilo hupanda. Aliyepitia vyumba vyote viwili na ajaribu kuihisi tofauti hiyo miguuni.