Bekapu kupitia SAN au LAN: hakikisha data inapita unakodhani

Kazi ya bekapu inaweza kuonyesha "Success" kila asubuhi huku data ikipita njia usiyoitaka. Zipo seva zilizofungwa kadi za faiba za bei kubwa kwa ajili ya SAN (mtandao maalumu wa storeji), na bado kila kitu kinapitia kebo ya mtandao wa kawaida (LAN) bila mwenyewe kujua. Mwongozo huu ni wa anayetumia Veeam (programu ya bekapu) na VMware (inayoendesha mashine pepe), mashine hizo zikiwa kwenye storeji ya Fibre Channel, yaani SAN ya faiba.

Hatua ya 1: Chora njia zote mbili

Kwa LAN, hosti ya ESXi (seva ya VMware inayobeba mashine pepe) husoma data kwenye storeji na kuituma kwa seva ya bekapu kupitia mtandao ambao wafanyakazi wanautumia. Kwa SAN, seva ya bekapu ina kadi yake ya faiba (HBA), inasoma storeji moja kwa moja kupitia swichi ya faiba, na hosti hazibebeshwi mzigo huo.

Hata hivyo LAN haiondoki. Maagizo ya vCenter (programu inayosimamia hosti) na uundaji wa snapshot (picha ya hali ya mashine kwa wakati huo) bado hupita huko, kwa hiyo ikikatika, bekapu ya SAN nayo hukwama. Na kama unahifadhi nakala kwenye NAS (storeji iliyo kwenye mtandao wa kawaida), data iliyosomwa kwa faiba itarudi LAN wakati wa kuandikwa. Chora mpaka mwisho wa safari.

Hatua ya 2: Piga hesabu

LAN ya gigabiti 1 hubeba megabaiti 125 kwa sekunde kinadharia. Kwa kazi halisi tarajia kama 110. Terabaiti 4 zitachukua takriban saa 10, usiku mzima. Faiba ya gigabiti 8 hubeba kama megabaiti 800 kwa sekunde, ila diski zikiwa za polepole hutaifikia kasi hiyo. Tepu ya LTO-8 huandika hadi megabaiti 360 kwa sekunde bila kubana data, yaani saa 3 na kidogo kwa mzigo uleule. Ukiilisha polepole mno, tepu husimama, hurudi nyuma na kuanza tena, na hapo huchakaa haraka.

Kama tayari una LAN ya gigabiti 10 na data si nyingi, usinunue faiba kwa ajili ya bekapu tu.

Hatua ya 3: Linda LUN kabla ya kuziunganisha

Hapa usiharakishe. Seva ya bekapu ya Windows itaziona diski zilezile za storeji (LUN) zinazobeba mashine zako zote. Kabla ya kuziruhusu, fungua `diskpart` na uandike:

`san`

Jibu liwe Offline Shared, yaani diski za pamoja zibaki zimezimwa. Kama sivyo:

`san policy=offlineshared`

Sasa tengeneza kwenye swichi zoni (kundi la porti zinazoruhusiwa kuonana) yenye WWPN (namba ya utambulisho wa porti) ya HBA ya seva hiyo na porti za storeji tu, kisha iruhusu kwenye storeji ione LUN zinazotumiwa na ESXi, kwa kusoma tu ikiwezekana. Kwenye Disk Management zitaonekana Offline. Ziache hivyo. Windows ikikuomba kufanya Initialize, kataa: ukikubali, unaharibu jedwali la patisheni la VMFS (mfumo wa faili wa VMware), na mashine zote zilizo juu yake ziko hatarini.

Hatua ya 4: Chagua njia, kisha thibitisha

Kwenye mipangilio ya proksi (seva inayosoma data kwa niaba ya Veeam) chagua Direct storage access. Ondoa tiki inayoruhusu kuhamia mtandao njia kuu ikishindwa. Ndiyo inayoficha tatizo. Endesha kazi moja, usome logi: kila diski hufuatwa na [san], [hotadd] (diski huunganishwa kwenye proksi iliyo mashine pepe) au [nbd]. Hiyo ya mwisho ni LAN. Ukiiona, rudi kwenye zoni. Wakati kazi inaendelea, tazama pia vihesabio vya porti kwenye swichi ya faiba; vikitulia, data haipiti hapo.

Hatua ya 5: Jaribu kurejesha

Urejeshaji kwa SAN unahitaji ruhusa ya kuandika kwenye LUN, na hukubali diski za thick (zilizotengewa nafasi yote mapema) pekee. Za thin (zinazochukua nafasi kadiri zinavyojaa) haziwezi kurudi kwa njia hiyo, na mara nyingi huishia kupitia LAN. Rejesha mashine moja kubwa kwa jina jingine, pima muda, na muda huo ndio umpe bosi wako akiuliza mfumo utarudi saa ngapi.