MIG kwa bati jembamba: maelekezo ya fundi wa Jomvu

Kila mwenye tuktuk Mombasa anaujua ugonjwa wa sakafu. Hewa ya chumvi, maji ya mvua yanayotuama chini ya mkeka wa raba, na baada ya muda bati linaliwa mpaka ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Kazi za namna hii ndizo zinazojaa karakanani kwangu Jomvu, na ndizo zilizonifanya ninunue MIG, mashine ya kuchomelea inayotumia waya badala ya rodi. Bati la milimita 1 ukilichomelea kwa rodi ya milimita 2.5, mara nyingi unatoboa tundu kubwa kuliko lile ulilokuja kuziba.

Kwenye MIG waya hujitokea wenyewe ukibonyeza kitufe cha bunduki (kishikio unachochomelea nacho), na gesi hutoka pamoja nao kukinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Hakuna gamba la kugonga juu ya mshono, hakuna kusimama kubadilisha rodi. Kijana anayehangaika na rodi inayonata kila anapoiwasha, kwa MIG atapiga mshono unaoeleweka mapema sana. Ndiyo maana huipendekeza hata kwa mtu anayetaka tu kujitengenezea stendi za maua nyumbani jioni.

Umeme usikutishe. Bati la milimita 1.5 linataka ampea 60 hivi (mimi hukadiria ampea 40 kwa kila milimita), na kwa kiwango hicho soketi ya kawaida ya ampea 13 inatosha. Ukitaka kuisukuma mashine mpaka ampea 200, mwite fundi wa umeme akuvutie laini yake peke yake. Ekstensheni iwe nene na fupi, na usiiache imeviringishwa, itapata moto.

Waya wa milimita 0.6 au 0.8 ndio wa kuanzia. Kwa gesi, kaboni dioksidi tupu ni rahisi kwa bei na inazama vizuri kwenye chuma, ila inarusha cheche nyingi. Mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi unatulia zaidi kwenye bati jembamba, na mshono unatoka laini. Alumini ni kesi nyingine kabisa: argoni tupu na waya wake. Iache kwanza.

Sasa tuje kwenye adui wa pwani: upepo. Kusi ikianza kuvuma, gesi yako inakwenda zake kabla haijafunika chochote, na mshono unajaa vitundu. Watu hukimbilia kuongeza gesi. Lita 10 mpaka 15 kwa dakika zinatosha. Ukifungua sana gesi yenyewe inavurugika na kuvuta hewa ndani. Ziba upepo badala yake: turubai la lori upande wa baharini, au geuza meza ukuta uwe nyuma yako. Mlango wa pili uache wazi moshi utoke.

Kama kazi iko nje, tuseme grili za nyumba Nyali, kuna waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi. Huo una gamba la kugonga, na unataka ubadilishe nyaya ndani ya mashine: bunduki iende hasi na athi (waya wenye klampu inayoshika chuma unachochomelea) iende chanya, kinyume cha waya wa gesi. Wengi hawabadilishi, halafu wanailaumu mashine. Kwa geti zito la uani mimi bado hubeba stiki, yaani mashine ya rodi, sioni haya.

Kabla ya kuchomelea, piga grainda mpaka chuma king'ae, na klampu ya athi pia ishike chuma kitupu. Stiki inavumilia kutu kidogo, MIG haivumilii. Bati lenye zinki liondolee zinki kwanza, maana moshi wake unaleta homa na baridi usiku. Maziwa ambayo mafundi wetu hunywa hayauzuii moshi huo. Na ukichomelea gari au tuktuk, fungua waya hasi wa betri na uhakikishe hakuna petroli karibu.

Ncha ya waya iwe na urefu wa milimita 10 hivi kutoka kwenye bunduki. Ilaze bunduki kidogo tu, uende ukiisukuma mbele. Kwa waya wenye dawa, ivute nyuma. Kisha sikiliza. Mlio ukiwa wa mfululizo, mkavu, umepata. Bunduki ikikurudisha nyuma mkononi, waya unakwenda kasi mno. Waya ukiungulia kwenye ncha ya shaba, uongezee kasi.

Bati jembamba usilipige mstari mrefu. Piga nukta moja huku, nyingine kule, rudi katikati, uache lipoe. La sivyo litajikunja na hulinyooshi tena.

Jambo moja linalonikera kwa MIG ni kwamba inaweza kudanganya. Mshono unang'aa juu, kumbe chini haujashika, hasa kwenye chuma kinene na ampea kidogo. Chomelea vipande viwili vya taka vyenye unene uleule, bana kimoja kwenye jiliwa na ukigonge kingine kwa nyundo mpaka kipinde. Kikibanduka kwenye mshono, ongeza moto kabla hujagusa kazi ya mteja.

Kazi ikiisha, funga valvu ya mtungi. Mtungi usimame ukiwa umefungwa mnyororo. Koili ya waya itoe kwenye mashine, hasa Mei na Juni, uiweke kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Waya wenye kutu hukwama njiani na kuziba bomba la ndani la bunduki, na bomba hilo lina bei.