Mzunguko wa Himo, Marangu na Mwika kwa baiskeli ya lami

Njia yenyewe ni hii: Moshi mjini hadi Himo, kupanda Marangu Mtoni, kuambaa na ubavu wa Mlima Kilimanjaro kupitia Mamba hadi Mwika, kisha kushuka Kilacha na kurudi Himo. Yote ni lami. Ukianzia Moshi na kurudi Moshi ni takribani kilometa 90. Ukianzia Himo ni kama 35 tu, na raha yote ya mzunguko imo humo humo.

Kwa hiyo amua kwanza kuhusu kipande cha Moshi–Himo, kama kilometa 27. Hiyo ni barabara kuu ya Dar es Salaam: mabasi ya mikoani, malori ya mpakani Holili, foleni ya mizani pale Njia Panda. Anayeanza kuzoea baiskeli asione aibu kuipakia kwenye Noah au Coaster hadi Himo. Anayetaka kuendesha aondoke saa 12 asubuhi, taa nyekundu ya nyuma ikiwaka, ili awe amevuka Njia Panda kabla ya saa 2. Pale Njia Panda, barabara ya kulia inakwenda Mwanga na Same. Wewe nyoosha kuingia Himo mjini, ndiko kona ya kushoto ya Marangu ilipo.

Kwenye kipande hiki kuna rasta, yale matuta madogo yaliyofuatana, kabla ya maeneo ya makazi. Ukizipita umekaa mzimamzima, chupa ya maji inaruka na kuviringika chini ya gari linalokufuata. Inuka kidogo kwenye kiti, legeza viwiko, usibane breki juu yake. Basi likikujia mbele huku linalipita jingine, usibishane nalo, toka barabarani. Ila ukitoka, simama na uibebe baiskeli, usiiendeshe kwenye majani. Ukanda huu wa chini una miiba ya migunga, na pancha nyingi huanzia pembeni, siyo kwenye lami.

Panda kwa Marangu, shuka kwa Kilacha, usigeuze. Upande wa Kilacha ni mkavu na hauna kivuli cha maana; kuupanda saa 6 mchana ni adhabu. Upande wa Marangu, ukishamaliza kilometa chache za mwanzo zilizo wazi, unaingia kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba juu ya mikahawa, na hewa inapoa. Halafu magari ya watalii wanaokwenda lango la Marangu la Hifadhi ya Kilimanjaro huongezeka kadiri asubuhi inavyosogea, na mpandaji aendaye polepole ndiye anayesumbuka nayo zaidi.

Kutoka Himo hadi Marangu Mtoni unapanda karibu mita 500 ndani ya kilometa kama 13. Si mlima wa kutisha, ila hauachii. Gia ya meno 34 mbele na 32 nyuma inatosha kwa mtu wa kawaida. Badilisha gia kabla mwinuko haujakaza. Ukisubiri hadi miguu iwe inasukuma kwa nguvu zote, mnyororo unakwama au unaruka, na kuanza tena katikati ya kilima ni kazi. Pima mwendo kwa pumzi: ukishindwa kumsalimia mzee anayepita, umekwenda kasi mno. Na wasalimie kweli, shikamoo kwa kila mtu mzima, maana hao hao ndio utakaowauliza njia.

Marangu Mtoni ndiyo sehemu ya kujaza maji na kula: chapati, ndizi mbivu, chai. Beba chupa mbili za mililita 750 na uzijaze zote hapa. Mtori, supu ya ndizi na nyama, uache kwanza, ni mzito tumboni. Mbege, pombe ya ndizi, nayo ina wakati wake, baada ya mteremko, siyo kabla. Maporomoko ya Kinukamori yako jirani, lakini kwa viatu vya kunasa kwenye pedeli utateleza. Mwenye miguu ya ziada anaweza kupanda hadi lango la hifadhi, karibu mita 500 nyingine kwenda juu, kwa kilometa chache zilizo kali zaidi.

Kipande kinachowadanganya watu ni Marangu–Mwika. Kwenye ramani kinaonekana kimelala, kumbe kinakata makorongo ya mito inayotoka mlimani: unashuka, unavuka, unapanda, na tena, na tena. Aliyemaliza nguvu Marangu hujuta huku. Kula kitu kidogo kila baada ya dakika 30 hata kama huna njaa. Mwika usiendelee na barabara ya Rombo, hiyo inakwenda Mkuu na Tarakea. Ulizia ya Kilacha.

Kabla ya kushuka, simama uvae jaketi jepesi na uangalie breki. Raba zikiwa zimelika hadi mifereji yake imepotea, zilipaswa kubadilishwa nyumbani. Kwenye mteremko bana kwa sekunde mbili tatu kabla ya kona, kisha achia kabisa. Kubana kidogo muda wote huchemsha rimu hadi tyubu inaweza kupasuka; kwenye breki za diski, pedi huwa kama kioo na hazishiki tena. Tarajia mbuzi, watoto, na bodaboda zinazoshuka zimezima injini ili kuokoa mafuta: hutazisikia zikija nyuma. Masika, Machi hadi Mei, maji huleta udongo wa vihamba juu ya lami, hasa kwenye kona. Chini mbele yako, hewa ikiwa safi, unaona tambarare ya Taveta na milima ya Upare.

Kuhusu tairi: za milimita 28, kwa mtu wa kilo 70, weka upepo wa psi (kipimo cha presha) 65 nyuma na 60 mbele. Beba tyubu mbili, pampu na viraka. Mafundi wa njiani ni hodari, ila wengi wana tyubu za valvu nene. Rimu yenye tundu la valvu nyembamba haiipokei. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya. Pancha ya pili mara nyingi ni mwiba ule ule.

Kutoka Himo kurudi Moshi, upepo wa mchana mara nyingi unatoka mashariki na kukusukuma. Jua ndilo tatizo, na magari ni mengi kuliko asubuhi. Ukichagua gari, patana nauli ya baiskeli kabla baiskeli haijapakiwa juu ya gari. Fungua gurudumu la mbele, laza upande wa mnyororo ukitazama juu, na funga kamba kwenye fremu. Kondakta akifunga kwenye gurudumu, mwombe afungue upya: matuta mawili tu yanatosha kupinda spoki.